Kutoa sofa, godoro na friji bovu Tabata: uzoefu wangu na kirikuu

Mi nakaa Tabata Dampo, na msicheke, dampo lenyewe lilishafungwa zamani, wakazi waliliburuza Jiji mahakamani 1988, siku hizi limebaki jina tu, taka zinaenda Pugu Kinyamwezi huko. Sasa nina sofa la watu watatu, godoro la 5 kwa 6 lenye kunguni na friji lililokufa kompresa, yaani naishi Dampo sina pa kutupa.

Vijana wa gari la taka nawalipa kila mwezi ila walivyoliona sofa wakasema wao wanabeba viroba tu, labda niongeze elfu hamsini. Hamsini! Sofa lenyewe nilichukua laki mbili Keko.

Nikaenda kijiweni kwa wenye kirikuu, vile vipikapu vidogo vya mizigo. Jamaa akaanza na 60, tukavutana mpaka 40, kubeba humo humo. Hilo la kubeba ulizeni mapema jamani, wengine wanakutajia bei ya gari tu, wakifika wanakwambia kushusha ngazi ni hela nyingine na mi nipo ghorofa ya pili. Tuliahidiana saa moja wakatokea saa tatu, ila kazi wanajua, sofa liligoma mlangoni wakang'oa miguu na mkono mmoja, likatoka.

Dereva ndo alinistua kuhusu friji, akasema usilipie kulitupa, muite fundi friji. Kweli fundi kaja katoa 35 taslimu, anataka vipuri na kopa (shaba) ya ndani. Wa skrepa alikuwa ananipa elfu 9, tena alitaka akate bomba pale pale uani gesi yote itoke hewani, yule fundi yeye kaivuta kwenye mtungi kistaarabu.

Godoro nililichana kwa kisu mwenyewe kabla ya kupakia, maana la kunguni ukiliacha zima kesho kutwa unalikuta barabarani limevishwa kitambaa kipya linauzwa.

Kilichonipa wasiwasi ni kama kweli mzigo utafika Pugu, si mnajua wapo wanaomwaga usiku mto Msimbazi, halafu mvua zikija tunashangaa Jangwani pamejaa maji. Nikampa dereva 20, nyingine nikamwambia nitumie picha ukiwa dampo. Saa nane mchana picha ikaingia, sofa langu la kijani juu ya lundo na kunguru wamekaa, nikamrushia yake kwenye simu.