Vishikwambi vya msaada vilivyotuona wezi

"Risiti ya manunuzi mnayo?"

Swali hilo niliulizwa kwa simu na kijana wa huduma kwa wateja wa kampuni ya vishikwambi, na hadi leo nikilikumbuka napandwa na hasira. Risiti tutaitoa wapi, na vitu tumepewa? Nikamweleza tena, polepole, kwa ile sauti ninayoitumia kwa watoto kipindi cha mwisho: hivi ni vishikwambi vya msaada, vimekuja pamoja na vifaa vya sayansi, tumekabidhiwa rasmi, vimefutwa kila kitu, na sasa kila tukiviwasha vinadai nywila ya mtu tusiyemjua. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, mkavu kabisa, "Bila risiti, mwalimu, sisi tunachukulia kifaa si chenu."

Si chetu! Na bango tulitundika, na wazazi walikuja, na watoto waliimba, na picha ya makabidhiano ilirudiwa kwa sababu kwenye ile ya kwanza mgeni rasmi alikuwa amefumba macho.

Basi haya ndiyo maoni yangu kuhusu huu msaada wa vifaa vya sayansi kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Msitegemee nitaje ukubwa wa skrini wala betri inakaa saa ngapi, hayo yameandikwa kwenye boksi. Betri inakaa sana kwa kweli, maana hakuna anayeitumia. Vishikwambi, nyota sifuri.

Kufuli hili la akaunti lenyewe silo baya. Lilianza kuenea kwenye simu na vishikwambi kuanzia 2013 hivi, ili anayeiba asifaidi: hata akifuta kila kitu, kifaa kikiwaka kinauliza akaunti ya mwenye nacho wa mwanzo. Kwenye simu yangu nalipenda. Shida ni kwamba kifaa hakijui kuibiwa ni nini na kutolewa sadaka ni nini, kwake mikono mipya ni ya mwizi tu. Kinachotofautisha ni kazi ndogo anayotakiwa kuifanya mtoaji kabla hajafunga boksi: anaingia kwenye mipangilio, anatoa akaunti yake, kwisha. Hata boksi likishasafiri, bado anaweza kukiondoa kwenye akaunti yake akiwa amekaa kwake, alimradi anakumbuka nywila. Na kama vilikuwa vya taasisi, mara nyingi vimesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa taasisi hiyo, kwa hiyo fundi wao wa kompyuta ndiye wa kuviachia. Mtu alipata muda wa kubandika nembo nyuma ya kila kishikwambi. Muda wa kutoa akaunti hakuupata.

Nilikuwa nimepanga somo la mabadiliko ya hali ya maada. Barafu kwenye bika, taa ya spiriti chini yake, kihisi cha joto ndani, na grafu ijichore yenyewe kwenye skrini huku watoto wakitazama. Nilikuwa nimewaahidi tangu wiki iliyotangulia, na mwalimu mwenzangu yeyote anajua ahadi ya jaribio haisahauliwi na mtoto. Wamekaa kwa makundi, kila kundi na kishikwambi chake, wamewasha, "Karibu", wamechagua lugha, wameunganisha intaneti, na papo hapo ukurasa mweupe: ingiza akaunti iliyotumika awali kwenye kifaa hiki. Kundi la kwanza, la pili, vyote. Kwenye kimoja ilitokea nusu ya barua pepe ya mwenyewe, herufi ya kwanza na ya mwisho, katikati nyota tupu. Watoto wakaanza kubahatisha jina kama kitendawili. Mimi nahangaika na skrini, barafu inayeyuka kwenye bika bila kupimwa na mtu. Kengele ikalia tuna maji ya baridi.

Nikampigia mratibu wa wahisani, mtu mzuri sana siku ya hafla. Safari hii hakuwa mzuri. "Lakini mwalimu, vitu vya bure jamani, bado tu mnalalamika?" Nikamwambia silalamiki, naomba aliyevitoa atoe akaunti yake. Akasema vimetoka kwa watu wengi, vimepita ghala, hawezi kujua kipi cha nani. Akaongeza kwamba shule nyingine zimeshukuru. Sina shaka zimeshukuru. Sisi pia tulishukuru, kwa maandishi, kabla hatujaviwasha.

Sasa hapa ndipo maoni yangu yanapoharibika, kwa sababu sanduku la vihisi lililokuja na vishikwambi hivyo ni zuri. Zuri mno. Mwalimu wa hisabati ana laptopu yake ya zamani, nzito, yenye kitufe kimoja kilichong'oka, tukaiazima, tukapakua programu ya vihisi ambayo kwa bahati haikudai akaunti ya mtu, tukachomeka kihisi kimoja. Laptopu moja kwa darasa zima, juu ya meza ya mbele, watoto wamepandiana mabegani. Barafu mpya, moto, haya.

Mstari ukaanza chini ya sifuri, ukapanda, ukafika nyuzi 0, ukalala. Ukabaki umelala. Moto unawaka, maji yanaonekana chini ya bika, mstari haupandi. Binti mmoja aliyekuwa karibu kabisa akagonga ubavu wa laptopu kwa kiganja. "Mwalimu, imekwama!" Mwingine akakagua waya. Mwingine akapiga magoti kutazama kama taa imezimika. Mimi kimya, nafurahi peke yangu. Wakabishana: kihisi kibovu, hapana laptopu mbovu, hapana moto mdogo. Mvulana mmoja ambaye kwa kawaida hafungui kinywa akasema, "Koroga kwanza." Wakakoroga. Sifuri. Kipande cha mwisho cha barafu kilipopotea, mstari ukainuka wenyewe, na darasa likapiga kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja mlangoni.

Miaka yote nimekuwa nikiandika ubaoni kwamba barafu ikiyeyuka inameza joto bila kupanda nyuzi, kama joule 334 kwa kila gramu, na kwamba joto hilohilo lingetosha kuyapandisha maji ya gramu hiyo kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Wanaandika, wanakariri, wanapata alama. Siku ile waliiona sayansi ikigoma mbele ya macho yao na wakataka kujua kwa nini. Niliwaambia ile 80 baadaye, na kwa mara ya kwanza kuna mtoto aliyeniomba nirudie hesabu ili aihakikishe.

Kwa hiyo vihisi vya joto, nyota nne. Hapana, tano.

Mtu ataniambia kipimajoto cha kawaida nacho kingeonyesha kitu hicho hicho. Kweli, na nimefundisha nacho kwa miaka. Ila kwa kipimajoto mtoto mmoja anashika saa, mmoja anasoma nyuzi, mmoja anaandika, na anayesoma akipepesa jicho namba inaandikwa ya kubuni. Wanapomaliza kuchora grafu yao barafu imeshasahaulika. Kwa upande mwingine, anayechora kwa mkono anajua mhimili ni nini, anayetazama skrini anaweza kudhani grafu huota tu. Mimi siku hizi nawafanyisha yote mawili, kwanza kwa mkono, na sijaamua bado kipi ningekiacha nikilazimishwa.

Halafu, tukiwa kwenye vipimajoto: chini kabisa ya boksi tulikuta vya zebaki. Vya kioo, vyembamba, vimefungwa kwenye gazeti! Zebaki ni sumu. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kuidhibiti, ulipitishwa 2013, na kutengeneza au kusafirisha vipimajoto vya zebaki kutoka nchi hadi nchi kuliwekewa ukomo wa 2020, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Mtu alikuwa anasafisha kabati lake, mzigo ukawa wetu. Kimoja kikivunjika darasani natakiwa kuwatoa watoto wote, nifungue madirisha, nisifagie kwa ufagio. Hiyo nayo imehesabiwa kwenye orodha ya msaada kama kifaa.

Vihisi vya pH, vya kupima ukali wa asidi au besi, sitavisemea sana. Ncha yake ya kioo haitakiwi kukauka, hukaa ndani ya myeyusho wa kloridi ya potasiamu, na kabla ya kupima unakirekebisha kwa vimiminika vya pH inayojulikana, kwa kawaida 4 na 7. Vyetu vilifika vikavu kama biskuti, bila kimiminika hata kimoja. Nikaviloweka, kimoja kikafufuka nusu, kikasema maji ya bomba ni makali kuliko siki. Tukarudi kwenye juisi ya kabeji ya zambarau, inayogeuka nyekundu kwenye asidi na kijani kwenye besi, wala haijawahi kuniuliza nywila.

Hadubini, ah, hadubini nazipenda. Za zamani, za chuma, chini zina kioo badala ya taa, kwa hiyo umeme ukatike usikatike zinafanya kazi. Lenzi ya jicho ya mara 10, za chini mara 4, 10 na 40, unapata hadi 400. Ngozi ya kitunguu, tone la iodini, na mtoto anaona vyumba vimepangwa kama matofali na kitone ndani ya kila chumba. Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza, alipoandika kuhusu seli, yaani vyumba hivyo, mwaka 1665 alikuwa akitazama gamba la mti lililokufa, vyumba vitupu, kwa hiyo huyu wangu wa miaka 12 alikuwa ameona zaidi ya Hooke, na nilipomwambia hivyo alikataa kuondoka kwenye hadubini, wenzake wakaanza kumvuta kwa shati.

Ndiyo maana hasira yangu haikai mahali pamoja. Ningekuwa na boksi la takataka tupu ningeandika sentensi mbili nikalala. Lakini ndani ya boksi hilihili mna vitu vinavyomfanya mtoto agonge laptopu na kumbishia mwalimu, na juu yake kuna rundo la vioo vyeusi ambavyo mtu mmoja, mahali fulani, angevifungua kwa vidole viwili akinywa chai. Vipo kwenye rafu ya maabara. Mmoja wa wavulana huchana nywele kwa kujitazama kwenye kimojawapo.

Na haiwezekani waseme kutoa vizuri ni kugumu. Uingereza mwaka 2016 waligawa kadi ndogo ya kompyuta, BBC micro:bit, bure, kwa wanafunzi wa mwaka wa saba, wa miaka 11 hadi 12, kama milioni moja. Nimeshawahi kufundisha na kadi hizo. Taa ndogo 25 usoni, inahisi mtikisiko, mwanga, sumaku, inatumia betri mbili ndogo, na unaipangia kazi kwenye kivinjari bila kufungua akaunti yoyote. Mtoto anachomeka, anaandika, inawaka. Masomo yaliandaliwa, walimu wakaandaliwa. Sawa, ule ulikuwa mradi mkubwa wenye taasisi nyingi nyuma yake na hapa nazungumzia maboksi ya ghalani, labda si haki kulinganisha. Lakini kutoa akaunti hakuhitaji taasisi nyingi. Kunahitaji mtu mmoja anayewasha kifaa mara moja kabla ya kukitoa, akaona mwenyewe kinachotokea.

Kijana wa huduma kwa wateja nilimpigia tena baadaye, au alikuwa mwingine mwenye sauti ileile. Nilimsomea barua ya makabidhiano, yenye muhuri na saini. Akasema barua si risiti. Nikamuuliza, kwa hiyo msaada wote duniani ni wizi? Akasema hana maelezo zaidi, je, kuna jambo lingine ningependa anisaidie. Lingine! Nilikata simu nikaenda kusahihisha madaftari, na nahisi siku ile watoto walionewa kidogo.

Nikijumlisha: vishikwambi sifuri, vipimajoto vya zebaki chini ya sifuri, vihisi vya joto na hadubini tano kila kimoja, pH mniachie. Wastani wake ni ngapi sijui, ukiniuliza asubuhi nitasema tatu, ukiniuliza baada ya kupita kwenye ile rafu nitasema moja. Wekeni mbili. Hapana, kwa ajili ya yule mvulana wa "koroga kwanza", tatu.

Majuzi mratibu ameandika kwamba kuna awamu ya pili, maboksi mengi zaidi, na anauliza kama tuna nafasi ya kuyapokea. Nafasi ipo. Nikamjibu kwamba tunayataka, tena sana, ila kila kifaa kiwashwe kwanza na akaunti zitolewe, zebaki ibaki huko, vihisi vya pH vije na maji yake, na atuandikie jina na namba ya mtu atakayepokea simu kikigoma. Niliandika kwa heshima zote, nikaisoma mara mbili kabla ya kutuma. Amenijibu kwa alama ya kidole gumba.