Mafunzo ya mtunza bustani wa kujitolea, Mwanza: yanachokupa na yanachoruka

Cheti hiki hakikufanyi bwana shamba. Naanza hapo kwa sababu wengi wanaoulizia mafunzo haya wanadhani wakimaliza watapata ajira, au ruhusa ya kuwaandikia watu viuatilifu. Unachopata ni uwezo wa kusimamia bustani ya shule, zahanati, kikundi au mtaa, pamoja na deni la kurudisha ujuzi huo kwa kazi isiyolipwa. Mtindo wenyewe ulianzia jimbo la Washington, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maafisa ugani wa chuo kikuu huko walizidiwa na maswali ya wakazi wa mijini, wakaamua kufundisha watu wa kawaida wawasaidie kujibu. Hapa kwetu wazo ni lilelile ila maswali ni mengine: mchanga wa milimani, maji ya ziwa, kuku wa jirani.

Mpangilio niliopitia ni Jumamosi 12, nusu darasani na nusu kwenye matuta, kisha saa 40 za kujitolea ndani ya miezi sita. Kuna mtihani wa kuandika na wa vitendo. Ukifaulu yote miwili bila saa 40, cheti hupati.

Udongo umefundishwa vizuri kuliko kitu kingine chochote. Unatembea zigizaga, unachimba vishimo 10 hadi 15 vya kina cha sentimita 20, unachanganya kwenye ndoo ambayo haijawahi kubeba mbolea (la sivyo utapima mbolea), na unatoa nusu kilo ya maabara. Kabla ya kufika huko kuna kipimo cha kiganja: lowanisha udongo, uviringishe uwe kama penseli, jaribu kuukunja. Ukimomonyoka kabla hata haujawa penseli, hiyo ni luseni, mchanga uliotokana na mawe yale yale yaliyoupa mji wetu jina la utani la Rock City. Ukikunjika ukawa pete bila kupasuka, uko kwenye mbuga, yaani udongo mzito wa mfinyanzi.

Tatizo ni kwamba baada ya kukufundisha kutofautisha, kitini kinatoa vipimo vya udongo mmoja tu, tifutifu, ambao mjini Mwanza utautafuta kwa tochi. Kinasema debe mbili za samadi iliyoiva kwa tuta la mita 1 kwa 5. Kwenye luseni weka tatu, uzichanganye hadi sentimita 20, na rudia kila msimu kwa sababu maji hupita yakiondoka na rutuba. Kwa sababu hiyo hiyo, mbolea ya dukani igawe mara tatu au nne badala ya kuiweka yote kwa mkupuo. Kwenye mbuga kazi yako ya kwanza ni kuinua tuta sentimita 30 ili mizizi isizame wakati wa masika. Samadi ni suala la pili. Samadi ya kuku mbichi usiitie popote, hasa ile ya kuku wa mayai. Huunguza miche ndani ya siku chache. Ilaze kwanza wiki sita hadi nane. Na kuwa na kituo cha utafiti wa kilimo pale Ukiriguru, Misungwi, halafu ratiba nzima isiwe na ziara hata moja, hilo sikulielewa.

Mboji inachukua Jumamosi mbili na inastahili. Lundo liwe na kitako cha mita 1.5 kila upande na kimo kisichopungua mita 1.2, likiwa dogo halipati joto. Tandaza sentimita 20 za majani makavu, 10 za mabichi, 5 za samadi, nyunyiza maji, rudia. Chomeka fimbo katikati na uichomoe baada ya siku tano. Ikitoka ya moto na yenye unyevu, endelea. Ikitoka kavu yenye ukungu mweupe, mwagia maji. Ikitoka baridi na inanuka, maji yamezidi, pindua na uongeze makavu. Pindua kila wiki mbili au tatu. Kati ya miezi miwili na mitatu mboji iko tayari.

Malighafi za hapa zina tabia zake. Gugu maji lina maji mengi mno, kwa hiyo lianike siku tatu hadi tano na ulikatekate kabla ya kulitumia. Lichukue kabla halijatoa maua, maana mbegu zake zinadumu, na usilichukue karibu na midomo ya mifereji ya viwanda kwa kuwa linafyonza metali nzito. Maganda ya mpunga yanaoza polepole sana. Yasizidi robo ya lundo. Maranda ya seremala yakichimbiwa moja kwa moja tutani, mboga zinageuka njano, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni yote. Mabaki ya dagaa ni mbolea nzuri, lakini yafukie kiini cha lundo na juu yake sentimita 30 za majani. Ukiyaacha juujuu utalisha funza na mbwa wa mtaa mzima.

Kwenye kitalu wakufunzi wanarudia jambo moja mpaka linachosha, na wana haki. Mistari iachane sentimita 10 hadi 15, mbegu iingie sentimita 1 tu, miche ipunguzwe mapema. Watu humwaga pakiti nzima kwenye eneo la hatua mbili, wanafunika kwa nyasi, wanasahau kuziondoa mbegu zikishaota, wanamwagilia jioni. Asubuhi miche imelala chini, shina limesinyaa usawa wa udongo: kinyausi. Hakuna dawa ya kuisimamisha iliyokwisha anguka. Punguza maji, mwagilia asubuhi, acha hewa ipite. Kabla ya kusia unaweza kulowanisha udongo na kuufunika kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita ili jua liuchemshe. Iwe angavu, nusu ya darasa walileta nyeusi, ambayo hujipasha yenyewe badala ya kupasha udongo.

Somo la kutambua magonjwa ndilo lililonifanya nione ada haikupotea. Nyanya imenyauka ikiwa bado ya kijani: usikimbilie duka la pembejeo. Kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi wa ute mweupe unashuka, ni mnyauko bakteria. Ng'oa, choma, na hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Hakuna ute lakini ukipasua shina mishipa ni ya kahawia, huo ni mnyauko fuzari. Shina safi ila mizizi ina vinundu, ni minyoo fundo. Hali tatu tofauti, na kwa zote watu huuziwa chupa ile ile.

Mwarobaini nao umefundishwa kwa vipimo: gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa kila lita ya maji, zilale usiku mmoja, chuja, ongeza sabuni ya maji kidogo, pulizia jioni kwa sababu jua huua nguvu yake. Unafaa kwa vidukari na viwavi wadogo. Kwa kantangaze, nondo anayeshambulia nyanya, usiutegemee peke yake, maana kiwavi wake yuko ndani ya jani. Chuma majani yenye vijia, yafunge kwenye mfuko na uuanike juani.

Sasa maji, ambako mafunzo yameanguka. Walitufundisha kumwagilia bila kutufundisha kupima. Hesabu yenyewe ni nyepesi: milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kiangazi cha Juni hadi Agosti mboga zinahitaji takriban milimita 5 kwa siku, kwa hiyo tuta la mita 1 kwa 5 linakunywa lita 25, keni mbili na nusu za lita 10. Kwenye luseni gawa asubuhi na jioni. Ukimwaga yote mara moja, nusu inapita chini ya mizizi. Tandazia nyasi kavu sentimita 5, usizibananishe na shina.

Na kichocho hakikutajwa kabisa, Mwanza hii! Anayechota maji ziwani akiwa peku na ameingia mpaka magotini anajiweka hatarini kila siku. Chotea sehemu isiyo na majani wala konokono, vaa mabuti marefu, na maji yakae siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko kabla ya kuyashika, maana vimelea vinavyopenya ngozi haviishi zaidi ya saa 48 bila kumpata mtu. Somo hili linatoshea nusu saa.

Vilevile, kikundi kikikuomba uanzishe bustani ufukweni, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hairuhusiwi shughuli ya kudumu. Pima kwa kamba kabla ya kushika jembe, mtendaji wa mtaa akiwepo.

Ningemshauri mwenye kikundi au shule tayari ajiunge. Asiye na mahali pa kutumikia zile saa 40 asubiri kwanza apate, kwa sababu uwanja wa mafunzo haukutoshi kumalizia. Siku za mwisho watu 20 wanagombea kupalilia matuta sita. Nenda na mabuti, rula, glasi angavu na daftari. Fomu ya saa isainiwe siku ile ile ya kazi na msimamizi aliyekuwepo, na uipige picha. Saa zilizoandikwa kwa kumbukumbu mwishoni mwa mwezi zilikataliwa, zote.