Plasma ya ampea 50 hapa Amu (kisiwa cha Lamu): tenga pesa ya kukausha hewa kabla ya pesa ya mashine

Mashine ninayoitumia ni ya kukatia chuma kwa plasma: inveta ya ampea 50, volti 230, fezi moja, tochi ya mkono, na moto wa pailoti unaowaka kabla tochi haijashika chuma. Kazi zake ni mageti, mabano ya injini za mashua, matangi, na reli za chuma cha pua. Kwa kazi hizo naipendekeza bila kusita, ila kwa sharti moja: mtambo wa kukausha hewa uwepo tangu siku ya kwanza. Anayenunua ampea nyingi akayasahau maji yaliyomo hewani ataishia kuilaumu mashine bure.

Kisiwani faida ya kwanza ni kuachana na mitungi. Oksijeni na asetilini hutoka bara, hupakiwa chomboni Mokowe, hupakuliwa gatini, kisha hubebwa kwa mkokoteni au punda hadi karakana. Plasma inataka umeme na hewa tu. Faida ya pili ni aina ya vyuma. Moto wa gesi hukata chuma cheusi kwa kukiunguza: hukipasha hadi kiasi cha nyuzi 900, ndipo oksijeni ikakila. Chuma cha pua hakiliki hivyo, kwa sababu oksidi ya kromiamu huhitaji joto kubwa kuliko chuma chenyewe ili iyeyuke. Alumini nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi yake ya oksidi hungoja zaidi ya nyuzi 2,000. Plasma haiunguzi. Inayeyusha kwa umeme na kusukuma kilichoyeyuka kwa hewa, kwa hiyo chochote kinachopitisha umeme kinakatika.

Uwezo wake halisi: pleti ya milimita 6 inakatika kwa raha na ukingo wake hauhitaji kazi kubwa. Milimita 10 inakatika vizuri ukienda taratibu kwa ampea zote 50. Milimita 12 inaachana, lakini ukingo unakuwa mbaya na slagi (mabaki ya chuma kilichoyeyuka) inaganda chini. Ukisoma kwenye boksi kwamba inakata milimita 16 au 20, elewa kuwa huko ni kutenganisha tu. Kwa pleti nene za milimita 25, na kwa kupasha shafti ili ikunjwe, gesi bado haina mpinzani. Na kwa fleti bapa moja au mbili, greinda yenye diski ya milimita 1 inamaliza kazi kabla kompresa haijajaa.

Sasa maji, maana hapa ndipo mashine nyingi za pwani zinapoharibikia. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba kiasi cha gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Kwa unyevu wa asilimia 80, ambao si ajabu kwetu, ni gramu 24. Kompresa inayovuta lita 150 kwa dakika humeza mita 9 za ujazo kwa saa, yaani zaidi ya gramu 200 za maji, glasi nzima. Ukiibana hewa hiyo kwa presha ya baa 7 kisha ikapoa, zaidi ya robo tatu ya maji hayo hudondoka. Tatizo ni mahali yanapodondokea. Hewa ikitoka kwenye kompresa ina joto, na mvuke wake hupita kwenye kichungi kama kwamba hakipo. Inapoa njiani, na maji yanaanguka ndani ya tochi.

Kwa hiyo kichungi kilichofungwa ubavuni mwa kompresa hakisaidii sana. Mpango unaofanya kazi ni huu: kutoka kwenye tangi pitisha hewa kwenye bomba la chuma la mita 10 hivi, lililopanda na kushuka ukutani kwa mteremko, na kila sehemu ya chini iwe na koki ya kumwagia maji. Bomba la chuma hupoza hewa. Mpira haupozi vya kutosha. Baada ya bomba ndipo uweke kitenganisha maji, kisha chupa ya silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), na hapo hapo mashine, kwa mpira mfupi. Silika ikibadilika rangi imeshiba. Itandaze kwenye sinia ndani ya oveni kwa nyuzi 120 hivi kwa saa chache, rangi itarudi nawe utaitumia tena. Tangi la kompresa limwagwe maji kila jioni.

Presha ipimwe hewa ikiwa inatoka, wala si mashine ikiwa imetulia. Geji ikisoma baa 5 ukiwa hujabonyeza, inaweza kushuka hadi 3.5 unapokata, na hapo nozeli, yaani ncha ya tochi yenye tundu la kutolea moto, inaungua kwa kukosa ubaridi. Weka baa 4.5 hadi 5 wakati wa kutoka hewa. Kompresa ya lita 50 inamudu mikato mifupi. Kwa kazi ya mfululizo inachemka, na hewa moto inaleta maji zaidi.

Dalili za hewa chafu utaziona kwenye elektrodi, kipande cha shaba kilicho ndani ya tochi nyuma ya nozeli. Katikati ya shaba yake kuna kidoa cha metali ya hafniamu, na hicho ndicho kinachobeba moto. Kikiliwa hadi shimo la milimita 1.5 hivi, badilisha. Moto ukigeuka kijani, shaba imeanza kuungua: simama hapo hapo, la sivyo tochi yenyewe itafuata. Tundu la nozeli likiacha kuwa duara, mkato unakwenda upogo hata mkono ukiwa umenyooka. Badilisha elektrodi na nozeli pamoja, na usifyatue pailoti hewani kwa kujaribu tu, kwani kila kuwasha kunazila.

Umeme nao usidharauliwe. Kwa ampea 50 mashine inavuta kilowati 5 na zaidi, kwa hiyo soketi ya ampea 13 haifai. Inatosha kwa ampea 20 za kukata mabati na pleti nyembamba. Vuta waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye boksi la umeme, na breka yake ya pekee. Jenereta iwe ya kVA 8 hadi 10. Mashine ikiandikwa asilimia 60, maana yake ni dakika 6 za kukata katika kila 10, zilizobaki feni ipoze. Feni hiyo hiyo huvuta hewa ya chumvi ndani ya bodi za elektroniki, kwa hiyo usiiweke upande wa upepo wa bahari, ifunike ukimaliza, na mara kwa mara ipulize kwa hewa kavu ikiwa imechomolewa.

Kwenye kukata, tazama cheche chini ya pleti. Zikirudi nyuma kidogo, nyuzi 15 hadi 30 kutoka wima, mwendo ni sawa. Zikiruka juu kukuelekea, unakimbia. Slagi nene inayobanduka kwa nyundo inaonyesha unachelewa. Ile nyembamba na ngumu inaonyesha umeharakisha. Hewa kwenye tochi nyingi huzunguka kwa mwelekeo wa saa, hivyo upande wa kulia wa mwendo ndio unaotoka wima. Panga kipande unachokitaka kiwe kulia, chakavu kushoto. Kutoboa katikati ya pleti nene, laza tochi kwanza ili chuma kilichoyeyuka kiruke pembeni, kisha isimamishe taratibu.

Ukingo uliokatwa kwa hewa umenyonya nitrojeni. Usage nusu milimita kabla ya kuchomelea, au weldi itatoka na vitundu. Kwa chuma cha pua cha baharini, hata kiwe cha daraja la 316 linalostahimili chumvi zaidi, ondoa weusi wote wa ukingo mpaka ung'ae, kwa diski ambayo haijawahi kugusa chuma cheusi. Ukiuacha, kutu itaanzia hapo hapo.

Usalama: tochi hii hutoa zaidi ya volti 200 ikiwa haina mzigo, nyingi kuliko za mashine ya kuchomelea, kwa hiyo mikono yenye majasho na sakafu mbichi ni hatari ya kweli. Kioo kiwe namba 6 hadi 8. Chuma chenye zinki kikatwe nje, upepo ukipeperusha moshi mbali na uso. Ndani ya chombo cha mbao, cheche zikiingia kwenye maji ya ngama (yanayotuama chini ya chombo) yenye dizeli, hutaziona mpaka moto uwe umewaka.

Kabla ya kununua, soma namba ya tochi. Vipuri vya PT-31 haviingii kwenye AG-60, wala vya AG-60 kwenye P80, hata kama mashine zinafanana kwa nje. Agiza elektrodi na nozeli za kutosha pamoja na mashine yenyewe kutoka Mombasa, na uhakikishe pete ya kuzungushia hewa imo ndani ya pakiti, maana ikipasuka tochi haiwaki.