Saa janja, miezi minane mkononi: nyota tatu kati ya tano

Nianze na uzuri wake, maana upo. Kioo kinasomeka hata juani, chaji inakaa siku nne, mkanda wa mpira hauwashi hata ukilowa jasho. Mapigo ya moyo inayakosea kidogo ukikimbia, ukitembea haina neno. Kwenye usingizi usiiamini sana. Kuna usiku nilikesha nikitazama dari, asubuhi ikanipongeza kwa kulala "vizuri sana".

Kilichonishinda ni hatua 10,000 za kila siku. Ukizitimiza, saa inatetemeka na fataki zinalipuka kwenye kioo. Mwezi wa pili nikajikuta, saa sita kasoro dakika kumi usiku, nazunguka kitanda na soksi, zimebaki hatua 430, mume wangu kajifunika shuka gubigubi. Miguu inauma na sina ninakokwenda.

Ikabidi nitafute nani aliyeipanga namba hiyo. Nilidhani madaktari. Kumbe chimbuko lake ni Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipoingiza sokoni kifaa cha kuhesabia hatua kwa jina la manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina la bidhaa! Kutembea kuna faida, hilo silipingi, ila namba iliyokuwa inaninyima usingizi ilianza kama tangazo la biashara.

Halafu kuna Jumapili ile chaji iliponiishia njiani, nimeshafika mbali. Nilisimama nikataka kugeuza nyumbani, kwa kuwa matembezi yaliyobaki "hayatahesabiwa". Hayatahesabiwa na nani? Mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche aliueleza unihili kuwa ni hali ya swali "kwa nini?" kukosa jibu. Mimi jibu nilikuwa nalo, nimelifunga mkononi, na kila siku ya nne nalichomeka ukutani.

Sasa wametoa toleo jipya linalokupa alama za utulivu wa nafsi. Yaani nikae nimetulia huku nikichungulia nimepata ngapi. Silinunui. Hii niliyonayo siitupi, nimezima hesabu ya hatua pamoja na fataki zake, nabaki na saa na alamu. Nyota ya kwanza nimeikata kwa sababu kitufe cha kuzima wamekificha ndani kabisa ya mipangilio, nilihangaika nusu saa. Ya pili ni kwa ule usingizi wangu mnono wa kutazama dari.