Traka ya GPS kwenye Canter yangu: nyota mbili, labda tatu, ila kijana wa kaunta sifuri

Jamani naandika hii nikiwa bado na hasira maana nikishapoa najijua sitaandika tena.

Traka, kile kifaa kinachotumia setilaiti kukuonyesha kwenye simu gari lako liko wapi, nilifunga kabla mvua hazijaanza, duka moja hapa Dodoma mjini, jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Canter yangu inabeba mahindi ya Kibaigwa, mara alizeti kutoka Singida, na mimi ni mwalimu, muda wa kufukuzana na dereva sina. Miezi ya mwanzo raha tupu. Niko stafu nasahihisha madaftari, nachungulia simu naona kidoti changu kinateremka Saranda, roho inatulia.

Sasa siku hiyo dereva ananiambia yuko Kibaigwa anapakia. Naangalia simu, gari liko Bahi. Bahi! Moja iko njia ya Morogoro na nyingine iko njia ya Singida, hata uwe umelewa huwezi kuzichanganya. Nikampigia nikamwambia maneno ambayo mtu mzima hamwambii mtoto wa mwenzie, nikamwita mwizi wa mafuta, utingo akachukua simu akaanza kuapa kwa mama yake, na yeye nikamsomba humohumo. Haikupita muda mama mmoja ninayefanya naye biashara pale sokoni akaniambia mbona gari lako naliona hapa, linapakia. Niliona aibu mpaka chai ikapoa.

Kesho yake nikatinga dukani. Kijana wa kaunta macho hajayatoa kwenye simu yake, ananijibu, "Mama, setilaiti hizo ni za jeshi la Marekani, huko kukiwa na vita wanazivuruga, sisi hatuna la kufanya." Nikamuuliza vita vya Marekani na magunia ya Kibaigwa wapi na wapi. Akasema, "Hayo mambo ya kijeshi mama, hutayaelewa."

Hutayaelewa! Mimi! Vita Kuu ya Pili na Vita Baridi nimezifundisha mpaka chaki imenikausha vidole!

Na kinachoniuma zaidi, nusu ya alichosema ni kweli. GPS ni ya jeshi kweli, setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 1978 na mpaka leo jeshi la Marekani ndilo linaziendesha. Tena si GPS peke yake, njia ya kwenda angani yote ilichongwa na watu wa vita. Kombora la V-2 la Wajerumani ndilo lililofika huko juu kwanza, 1944, na waliolitengeneza ni wafungwa waliofungiwa kwenye mahandaki wakafa kwa maelfu. Vita vikaisha, Marekani ikambeba Wernher von Braun aliyeongoza kuliunda, ikampa kazi, na ndiye huyohuyo aliyesimamia Saturn V iliyopeleka watu mwezini 1969. Sputnik ya Warusi 1957 nayo ilipandishwa na R-7, kombora la kubebea bomu la nyuklia. Wanasayansi wa Marekani wakawa wanasikiliza ile milio ya Sputnik, wakashtuka kwamba kumbe ukijua setilaiti iko wapi unaweza kujua na wewe uko wapi, jeshi la majini likadaka wazo likalifanyia kazi kwa ajili ya nyambizi zake za makombora. Kidoti changu cha Saranda ukoo wake ni huo. Na sisi wenyewe si wageni, Wamarekani waliweka kituo pale Tunguu, Zanzibar, cha kufuatilia vyombo vyao vya angani vya Mercury, watu wakashuku ni mambo ya makombora, Mapinduzi ya 1964 yalipokuja wakaambiwa wafungashe. Kwa hiyo kumshuku Mmarekani na mitambo yake tumeanza kabla kijana hajazaliwa, asijione kavumbua.

Lakini! Ule mchezo wa jeshi la Marekani wa kuwapa raia mawimbi ya GPS yaliyotiwa kasoro makusudi uliachwa Mei 2000, na hata enzi hizo kosa lilikuwa kama mita 100. Mita 100 ni kutoka kaunta mpaka kwa muuza mishikaki, si Kibaigwa mpaka Bahi. Na kuvuruga mawimbi vitani kupo, ila kunawapata walio karibu na huko, sasa Kibaigwa nani anapigana? Nikamwambia yote hayo palepale, na habari ya ndege ya abiria ya Wakorea iliyopotea njia 1983 ikatunguliwa na Warusi, watu 269, ndipo Rais Reagan wa Marekani akaahidi raia wote wataitumia GPS bure. Foleni nyuma yangu imejaa, mzee mmoja anasema "endelea mwalimu". Kijana akaniuliza kama nina risiti.

Aliyetatua ni mtoto wa dada yangu, dakika kumi tu. "Mama mkubwa, laini imeisha bando." Kumbe kile kifaa kinazisikiliza tu setilaiti, haziambii kitu, na habari ya gari inanifikia mimi kwa laini ya simu ya kawaida kabisa iliyomo ndani. Bando likikata, simu inabaki kuonyesha mahali pa mwisho, na juzi yake gari lilipita Bahi likitoka Singida. Na bando hilo liko ndani ya ada ya mwaka niliyolipa! Yaani mtu kasahau kuweka bando anawasingizia Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani.

Kifaa chenyewe sitakisema vibaya, tangu waweke bando kinakwenda sawa. Nilikuwa nimekipa nyota moja, nikafuta nikaweka tatu, nikikumbuka "hutayaelewa" narudi mbili. Mwenye gari afunge tu, ila aulize kabisa laini inalipiwa na nani na lini.

Dereva nimemuomba radhi, nikampelekea na jogoo. Jogoo kala. Ila siku hizi nikimpigia kumuuliza uko wapi ananijibu "muulize Mmarekani, mama", halafu anakata.