Nimehamia Valkey kwa sababu ya leseni: uzoefu wangu

Ofisi yetu ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, ina watu watatu na kazi moja kubwa: mfumo unaowatumia wakulima wa parachichi wa Rungwe ujumbe mfupi wa bei na siku gari litakapopita kuchukua mzigo. Foleni ya jumbe hizo ilikaa kwa miaka kwenye Redis, hifadhidata inayoweka data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na suala la leseni hatukuwahi kuliwaza.

Machi 2024 Redis iliacha BSD, leseni huria isiyo na masharti mengi, na kuchukua mbili zenye vikwazo, RSALv2 na SSPLv1, kuanzia toleo la 7.4. Kusema kweli hazikutugusa. Zinamlenga anayeuza Redis yenyewe kama huduma. Sisi tunahangaika na parachichi. Kilichotubana ni mkataba: mfadhili wa mteja wetu anataka programu huria zenye leseni inayotambuliwa na Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni huria, na SSPL haimo. Ndipo nikaigeukia Valkey, iliyoanzishwa mwezi huohuo chini ya Linux Foundation, shirika linalosimamia miradi huria, kutokana na msimbo wa Redis 7.2.4. Leseni mpya hairudi nyuma. Kilichokwisha kutolewa kwa BSD hubaki cha BSD, yeyote akichukue.

Kuhama kungekuwa kazi ya dakika kumi, kama si kiherehere changu. Nilishapandisha seva hadi 7.4 bila kusoma maelezo ya toleo. Valkey ikalikataa faili la data: muundo wa RDB, yaani wa faili hilo, katika Redis 7.4 ni namba 12, na Valkey wakati huo iliishia 11. Jumbe zimejaa foleni, gari linapanda Tukuyu alfajiri! Nikakaa na baridi ya Agosti hadi saa nane usiku nikiandika hati ya Python, yaani programu fupi, inayosoma ufunguo (jina la kipande cha data) mmojammoja upande wa Redis na kuuandika upande wa Valkey, pamoja na data na muda wake wa kuisha.

Tangu hapo, kimya. Msimbo wetu haukubadilika hata mstari, maktaba ileile ya Python, redis-py, inaongea na Valkey vizuri. Kero ni mafunzo: karibu yote bado yanasema Redis, na mgeni ofisini huchanganyikiwa.

Mei 2025 Redis 8 iliongeza AGPLv3, leseni inayotambuliwa na Open Source Initiative, kwa hiyo mkataba sasa ungeikubali. Kijana wetu anataka turudi. Nimemwambia sawa, ila hati ya kuhamisha ataandika yeye, tena usiku.