Makato ya Mashine ya Kadi: Tathmini ya Watoa Huduma Wawili

Kwa miaka minne nimepokea malipo ya kadi katika biashara yangu ndogo kupitia watoa huduma wawili, mmoja baada ya mwingine, na tathmini hii inahusu jambo lililonifanya nimwache wa kwanza na kubaki na wa pili, yaani namna kila mmoja anavyomwonyesha mfanyabiashara makato yake. Mashine zao zote mbili husoma kadi haraka na fedha huingia benki siku ya kazi inayofuata, kwa hiyo katika hayo sina cha kuwatofautisha.

Mtoa huduma wa kwanza alinivuta kwa tangazo la asilimia 1.7. Mwezi wa tatu nilichukua jumla ya makato yote, nikaigawanya kwa jumla ya mauzo yaliyolipwa kwa kadi, na jibu likawa asilimia 3.2. Asilimia 1.7 ilikuwamo kweli kwenye mkataba, lakini lilikuwa daraja la chini kabisa kati ya madaraja matatu, na lilihusu tu kadi za kawaida za akaunti ya benki zilizochomekwa kwenye mashine mwenye kadi akiwapo. Kadi ya mkopo yenye zawadi, kadi ya kampuni, kadi iliyotolewa nje ya nchi, au namba ya kadi niliyoiingiza mwenyewe baada ya mteja kunipigia simu, zote zilipandishwa daraja la pili au la tatu, na mwenye kuamua muamala uingie daraja gani alikuwa mtoa huduma peke yake.

Ubaya wa mpangilio huo huonekana pale unapojua makato yanakwenda kwa nani. Sehemu kubwa kwa kawaida ni ada ya baina ya benki, ambayo benki inayompokelea mfanyabiashara malipo huilipa benki iliyompa mteja kadi. Sehemu ndogo huenda kwa mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard. Na kinachobaki ni nyongeza ya mtoa huduma mwenyewe. Kadi za zawadi huwa na ada kubwa zaidi ya baina ya benki kwa kuwa humo ndimo benki inamopata fedha za kugharimia pointi anazopewa mteja, na muamala wa simu au intaneti hutozwa zaidi kwa sababu hatari ya wizi ni kubwa. Kwa ada mbili za kwanza mfanyabiashara mdogo hana nafasi ya kujadiliana. Kwa ile ya tatu anayo. Mfumo wa madaraja huzikoroga zote tatu zikawa namba moja, na hivyo humfichia mtu sehemu ile ile ambayo angeweza kuipunguza. Hata katika Umoja wa Ulaya, ambako tangu Desemba 2015 ada ya baina ya benki kwa kadi za watu binafsi imewekewa kikomo cha asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo, kikomo hicho hakigusi nyongeza ya mtoa huduma.

Mtoa huduma wa pili hunitoza ada halisi kama ilivyo, kisha huongeza yake, na taarifa ya mwezi huziandika katika safu tofauti. Taarifa hiyo ni ndefu na mwanzoni ilinichosha, lakini nilipoizoea nilijua ni kiasi gani hasa namlipa yeye, na baada ya mwaka mmoja nilimwomba apunguze, naye akapunguza. Makato yangu yote sasa ni kama asilimia 2.3 ya mauzo ya kadi.

Simpendekezi kwa kila mtu. Anadai ada ya kila mwezi hata biashara ikilala, kwa hiyo mwenye mauzo machache angefaidika zaidi na huduma ya kiwango kimoja isiyo na ada ya mwezi, ingawa asilimia yake iko juu. Wenye bidhaa za bei ndogo nao watazame kile kiasi kisichobadilika kinachotozwa kila muamala. Mkataba ukisema asilimia 2 pamoja na 0.20, katika sarafu yoyote ile, mauzo ya 100 yatakatwa 2.20, lakini mauzo ya 4 yatakatwa 0.28, ambayo ni asilimia 7.

Kwa mtoa huduma wa kwanza niligundua pia nilikuwa nikitozwa kila mwezi adhabu ya kutotimiza masharti ya usalama wa kadi, yanayoitwa PCI DSS, kwa sababu tu sikuwa nimejaza dodoso la kujitathmini la kila mwaka. Hakuna aliyenieleza kwamba dodoso hilo lipo. Mashine nayo ilikuwa ya kukodi, kwa mkataba wa miaka mitatu usiovunjika, na kodi yake ilizidi mbali bei ya kuinunua. Jambo hilo bado linaniuma, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa na mimi nilitia saini.

Katika mambo mawili wote wawili wananikera sawasawa. Nikimrudishia mteja fedha zake, makato ya muamala wa awali hayarudi, na mteja akipinga malipo kwenye benki yake, ada ya kushughulikia pingamizi hukatwa hata nikishinda.

Mitandao ya kadi hupitia upya viwango vyake mara kwa mara, nchini Marekani kwa kawaida mwezi wa Aprili na wa Oktoba, na mara moja mtoa huduma wangu wa pili alitumia badiliko la namna hiyo kupandisha nyongeza yake pia. Niliiona kwa sababu ilikuwa katika safu yake peke yake, nikapiga simu, na mwezi uliofuata ikarudishwa ilipokuwa.